Azabu katika sheria ya nyama wa pori: neno moja linaweza kufunga mtu maisha



Wengi kati yetu tunalima karibu na pori. Mchana nyani, usiku nguruwe wa pori, wote wanakuja kula mahindi na muhogo. Mkulima mmoja anatega waya pembeni ya shamba. Mtu mwengine, mwenye bunduki na gari, anatafuta pembe za tembo kwa kuuzisha mbali. Wote wawili wanaweza kufika mbele ya mwamuzi. Je, sheria itawaona sawa? Jibu linatoka katika maneno ambayo wabunge wanaandika. Ndiyo maana wanabishana sana juu ya vifungu vya azabu. Tujifunze kwa mfano wa Kenya.

1. Amande inazeeka

Katika sheria ya Kenya ya mwaka 1976, amande kubwa kabisa ilikuwa shilingi 40 000. Kufikia mwaka 2013, pesa hiyo haikufika hata dola 500. Mfanyabiashara wa pembe analipa, anarudia kazi yake. Sisi hapa Congo tunajua jambo hilo: sheria yetu ya kuwinda ya tarehe 28 Mei 1982 iliandikwa wakati tulikuwa tunatumia zaire. Leo zaire iko wapi?

2. Azabu kubwa, maneno yasiyo wazi

Mwisho wa 2013 bunge la Kenya lilipitisha sheria mpya, ikaanza kazi tarehe 10 Januari 2014. Kifungu cha 92 kilisema: mwenye kufanya kosa kuhusu mnyama aliye hatarini kutoweka atalipa shilingi zisizopungua milioni 20, ao atafungwa maisha, ao vyote viwili. Kifungu cha 95 nacho kilisema: mwenye kukutwa na sehemu ya mnyama bila ruhusa atalipa zisizopungua milioni 1, ao atafungwa miaka isiyopungua 5.

Sasa mtu amekutwa na kipande cha pembe ya tembo. Tumuazibu kwa kifungu gani? «Kosa kuhusu» tembo ni kuua, kuuza, ao kuweka nyumbani? Maneno hayakusema wazi, na matribinali hayakusoma namna moja. Kati ya miaka 5 na maisha yote, tofauti si ndogo! Mwaka 2018 bunge lilirudia kazi: likaachanisha kuua, kufanya biashara na kukutwa na kitu, kila kosa na kipimo chake.

3. Neno «isiyopungua»

Sheria hiyo ya 2013 iliachanisha mwenye kuwinda kwa kula (shilingi zisizopungua 30 000 ao miezi 6) na mwenye kufanya biashara ya nyama ya pori (zisizopungua 200 000 ao mwaka 1). Hilo ni jambo zuri. Lakini «isiyopungua» linamfunga mwamuzi mikono: hawezi kushuka chini, hata kama mkosaji ni maskini.

Wenye kulipenda neno hilo wanasema: linazuia mwamuzi kupewa kitu kidogo na kumwachilia mkosaji mkubwa. Wenye kulikataa wanasema: tajiri atalipa na kwenda, maskini atabaki gerezani, na watoto wake watalala njaa. Pande zote mbili ziko na sababu.

4. Na sisi?

Congo tuko na sheria n° 14/003 ya tarehe 11 Februari 2014 juu ya kulinda viumbe na mazingira. Waya haichagui mnyama: umetegea nguruwe, inaweza kukamata mnyama aliyelindwa na sheria. Kusema «sikujua» hakutakuokoa. Mbele ya kutega, uliza agenti wa ICCN ao wa mazingira.

Na kama koperative yenu inaandika azabu katika règlement yake ya ndani, mjiulize:
- Kosa limetajwa kwa jina, ao ni «kosa lolote»?
- Kosa dogo na kubwa yako na vipimo tofauti?
- Amande itakuwa na nguvu kisha miaka kumi?
- Mwenye kuamua anaweza kuangalia hali ya mkosaji?

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Memba amechelewa kulipa deni juu mvua iliharibu shamba. Mwengine ameiba feza ya sanduku. Règlement yetu inawaachanisha?
2. Ni neno gani katika règlement yetu ambalo watu wawili wanaweza kulisoma namna mbili? Mliandike upya pamoja.