SOMO LA KIKUNDI: Gari Likinuka Kuungua, Tusinyamaze



Kwa vikundi vingi tunavyovitembelea, gari ndilo mali kubwa kuliko zote. Ng'ombe akikohoa tunamwita daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Lakini gari likinuka kuungua, tunafungua dirisha na safari inaendelea! Leo tujifunze juu ya harufu hiyo, kwa njia yetu ya siku zote: Kuona, Kupima na Kutenda.

KUONA

Siku moja tulipanda pikapu ya kikundi fulani iliyobeba magunia ya viazi kutoka upande wa Limuru kwenda Narok. Tukiteremka kwenda Mai Mahiu, harufu kali ikaingia ndani. Mweka hazina, mama mtu mzima, akauliza, "Kijana wangu, hii harufu ni ya nini?"

"Ni kawaida, mama," dereva akajibu. "Wiki mbili sasa inafanya hivyo."

Tukamwomba asimame pale kwenye kanisa dogo la wasafiri, lile lililojengwa na wafungwa wa vita wa Kiitaliano mwaka wa 1942. Magurudumu yote yalikuwa na joto, lakini la nyuma kushoto lilizidi. Hata kusogeza mkono karibu ilikuwa taabu. Dereva akachukua mtungi wa maji amwagie. Mzee mmoja wa lori akapiga kelele, "Usimwage! Chuma cha moto kikipata maji baridi kitapasuka!"

Tukangoja lipoe, fundi akaitwa. Alipofungua akakuta silinda ndogo ya breki imeshika kutu, kwa hiyo breki ilikuwa inakamata na haiachilii. Dereva alishuku siku nyingi, lakini aliogopa kukatwa mshahara. Wengine nao walinusa, kila mmoja akidhani mwenzake amekwisha sema. Jamani, mteremko ule si wa kuchezea. Tungepoteza zaidi ya viazi.

KUPIMA

Harufu si moja. Simamisheni gari mahali salama, kisha mjiulize: inatoka wapi, na ilianza tukifanya nini?

1. Breki. Harufu hutoka kwenye magurudumu. Pitisha mkono karibu na kila gurudumu bila kugusa. Moja likiwa na moto kuliko wenzake, breki yake imekwama, au breki ya mkono haikuachiliwa vizuri. Yote yakiwa na moto baada ya mteremko, dereva amekanyaga breki mfululizo. Breki zikipata moto mno hupungua nguvu. Oili ya breki nayo ikichemka, pedali inazama na gari halisimami.

2. Klachi. Hunuka hasa mkipanda mlima na mzigo, au mkijikwamua matopeni. Dalili yake ni injini kunguruma sana na gari haliongezi mwendo. Jaribu hivi mahali tambarare pasipo na mtu mbele: vuta breki ya mkono, tia gia ya tatu, achilia klachi polepole. Injini ikizimika, ni vizuri. Ikiendelea kunguruma, klachi inateleza. Fanya mara moja tu, usiichome zaidi.

3. Oili. Mara nyingi huvuja kwenye gasketi na kudondokea bomba la moshi lililo moto. Angalia kama kuna moshi chini ya boneti na madoa ardhini. Injini ikipoa, pima oili kwa kile kijiti chake, gari likiwa mahali tambarare.

4. Mpira, plastiki au majani. Ukanda wa feni uliolegea hupiga kelele na kunuka. Pengine ni mfuko wa plastiki au nyasi kavu zilizonasa kwenye bomba la moshi. Zitoeni bomba likiwa limepoa, maana nyasi zaweza kuwaka.

5. Waya. Hii ndiyo ya hatari zaidi. Zima injini, watu wote washuke, na kama hakuna moto, fungua waya wa hasi wa betri. Msiwashe tena mpaka fundi aone. Na ile tabia ya kufunga fyuzi kwa karatasi ya sigara tuiache kabisa, kwa sababu fyuzi huungua ili gari lisiungue.

KUTENDA

Dereva ateremke mlima kwa gia ile ile ambayo angepandia, na asiondoe gari kwenye gia wala kuzima injini. Mguu usikae juu ya klachi bila kazi. Mzigo usizidi uwezo wa gari, hata mteja akiomba vipi. Breki iliyokwama haiendi safari nyingine kabla ya fundi kuifungua, hata kama imepoa na haisumbui tena. Oili ya breki ibadilishwe kila baada ya miaka 2 hivi, kwa sababu hunyonya unyevu na kuchemka upesi.

Kwa upande wa kikundi, daftari likae ndani ya gari. Kila safari dereva aandike alichosikia, alichoona na alichonusa. Mweka hazina atenge pesa kidogo za matengenezo katika kila safari, kabla ya kugawa faida. Na jambo kubwa: dereva anayeripoti ubovu ashukuriwe. Tukimwadhibu anayesema, tunawafundisha wote kunyamaza. Kikundi kile kilikubaliana hivyo jioni ile ile, na dereva akaendelea na kazi yake.

Gari la kikundi ni amana, na wanaolipanda ni watoto wa watu. Pua hatukupewa ya kunusia chakula tu.

MASWALI YA KUJADILI

1. Katika kikundi chetu, nani anajua hali ya gari, mashine au pampu yetu leo?
2. Ni ubovu gani tumeuzoea mpaka tunauita "kawaida"?
3. Mwenzetu akileta habari mbaya, sisi humpokeaje?