Uchovu wa saratani: msaada upi wa simu unakufaa?

Uchovu wa saratani haufanani na wa kulima. Mkulima akilala, asubuhi ana nguvu. Mgonjwa wa saratani hulala usiku kucha na kuamka hoi, ndoo ya lita 5 inamshinda. Si uvivu, wala hakurogwa. Wagonjwa wengi wanaopata dawa za kemotherapia huupata, wakiwemo wanaopewa rufaa kwenda Taasisi ya Saratani ya Uganda pale Mulago, Kampala, iliyoanza mwaka 1967.

Siku hizi kuna msaada wa uchovu kwa njia ya simu: ujumbe mfupi, kupigiwa na muuguzi, programu za mazoezi. Lakini kwanza damu ipimwe. Upungufu wa damu na malaria huchosha, na hakuna simu inayoviponya. Maumivu nayo hukatiza usingizi. Hospice Africa Uganda, ya Makindye, tangu mwaka 1993 huwapa wagonjwa mofini ya kunywa, basi usivumilie kimya.

Baada ya hapo, tazama uchovu wako ulivyo. Unashinda umelala? Chagua programu inayokukumbusha kutembea, dakika 10 kwanza, kisha kuongeza kidogo kidogo. Kulala mchana kutwa hudhoofisha misuli. (Ukiwa na kizunguzungu, au saratani imefika kwenye mifupa, muulize daktari kwanza.) Usiku hupati usingizi? Tafuta inayofundisha kuamka saa ile ile kila siku na kupunguza usingizi wa mchana. Siku ya nafuu unafua nguo zote, halafu siku tatu hujiwezi? Wewe unahitaji ya kuandika saa zako za nguvu na kugawa kazi. Aliyekata tamaa anahitaji sauti ya mtu. Ujumbe mfupi hautamtosha.

Angalia pia simu yenyewe. Programu ya kusoma kurasa nyingi humchosha aliyechoka tayari. Simu ya familia nzima haina siri: ujumbe kuhusu ugonjwa wako utasomwa na wengine. Uliza kama kuna sauti ya Kiswahili.

Kila jioni upe uchovu wako namba, 0 hadi 10. Wiki chache zikipita bila namba kushuka, mwambie muuguzi mbadilishe.

Ukipata homa baada ya kemotherapia, usisubiri ujumbe wala kubipu mtu. Nenda kituo cha afya saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.