SOMO: NI ROHO, AU NI MWANGA? Namna ya kupima picha zinazosemwa kuwa za wafu

Mafungu ya kusoma nyumbani kabla ya mafundisho: 2 Wafalme 3:16-24, Walawi 13:1-6, Luka 24:36-43, 1 Wakorintho 14:29, Kumbukumbu la Torati 19:15-19.



Somo hili tunaliandika kwa sababu ya picha moja. Jamaa moja katika parokia zetu ilikuwa katika kilio. Usiku wa tatu, kijana mmoja alipiga picha kwa simu yake. Asubuhi walipoitazama, waliona nyuma ya mama mjane kitu cheupe, kirefu kama mtu, hakina uso, na ukuta ukaonekana kupitia mwili wake. Watu wakasema: Ni marehemu. Wengine wakaongeza: Tazameni, mkono wake unaelekea kwa mtoto. Mtoto huyo ni msichana yatima wa miaka tisa, anayelelewa katika nyumba ile. Kabla ya jua kutua, picha ilikwisha kuingia katika simu za watu wengi, na mtoto alikwisha kuondolewa kwenye sahani ya wenzake.

Waliileta kwetu. Sisi wazee tuliitazama, tukaogopa, tukasema tutaiombea. Hatukuuliza swali hata moja. Siku mbili mtoto yule alilala nje ya mlango wa jiko. Kosa hilo ni letu, na tunaliungama mbele yenu kabla ya kufundisha jambo lolote.

I. Imani yetu haibadiliki

Sisi ni kanisa la unabii. Tunajua kwamba Mungu husema, kwamba roho ziko, na kwamba adui naye yuko. Mtu asichukue somo hili akasema wazee wameacha imani. Lakini Mtume Paulo, alipowaandikia Wakorintho, aliagiza kwamba manabii wawili au watatu waseme, na wengine wapime. Ikiwa neno la nabii aliyejazwa Roho linapimwa kanisani, je, picha ya simu ndiyo isipimwe? Karama ya kupambanua roho haikutolewa ili tuone roho kila mahali. Mwenye kupambanua huweza pia kusema: Hapa hakuna roho.

Naye Bwana wetu hakukataa kupimwa. Baada ya kufufuka alisimama katikati ya wanafunzi, nao wakadhani wanaona roho. Hakuwakemea kwa kutaka uhakika. Aliwaonyesha mikono na miguu, akawaambia wamguse, akala samaki mbele yao. Jambo la kweli halivunjiki kwa kuguswa.

II. Maji mekundu ya Moabu

Fungueni 2 Wafalme sura ya 3. Wafalme watatu, wa Israeli, wa Yuda na wa Edomu, walikuwa jangwani bila maji. Nabii Elisha akatabiri kwamba bonde litajaa maji, ingawa hawataona upepo wala mvua. Ikawa hivyo. Asubuhi Wamoabu waliamka mapema, jua likamulika juu ya maji, nao kutoka mbali wakayaona mekundu kama damu. Wakasema: Wafalme wale wamepigana, wameuana. Wakakimbilia nyara, na huko wakaangamia.

Tazameni mambo mawili. Macho ya Wamoabu hayakudanganya: wekundu ulikuwako kweli. Walikosa katika kufasiri. Hakuna aliyekaribia, hakuna aliyechota maji kwa kiganja. Tena, kazi ya Mungu ilikuwako mahali pale pale, lakini haikuwa ile waliyoidhani. Muujiza ulikuwa maji. Damu ilikuwa jua tu.

Kwa hiyo kupima si kumkana Mungu. Anayepima hutafuta kazi ya Mungu iko wapi, asije akasifu au kuogopa kivuli badala yake.

III. Jambo hili si geni duniani

Picha za wafu zilianza zamani. Mwanzoni mwa miaka ya 1860, huko Boston katika Marekani, William Mumler alijulikana kwa kupiga picha ambazo nyuma ya mtu aliyeketi huonekana mwingine mweupe, hafifu. Wakati huo nchi yao ilikuwa vitani, vijana wengi walikufa, na akina mama walitamani sana kuona tena nyuso za watoto wao. Wakamlipa. Lakini watu waligundua kwamba baadhi ya "wafu" hao walikuwa watu wazima wenye uhai, wakitembea katika mji ule ule. Mwaka 1869 alishtakiwa New York, akaachiliwa kwa sababu ushahidi haukutosha. Baadaye hata mjane wa Rais Lincoln alikwenda kwake, akapewa picha yenye sura ya mume wake nyuma ya mabega yake.

Huko Paris, mwaka 1875, mpiga picha Édouard Buguet alifikishwa mbele ya mahakama. Polisi walikuta kwake vinyago na vichwa vilivyokatwa kwa karatasi ngumu, ambavyo alivifunika kitambaa na kuvipiga picha kwanza. Kisha mteja akapigwa juu ya kioo kile kile. Aliungama mwenyewe. Alihukumiwa kifungo cha mwaka mmoja na faini ya faranga 500.

Sasa sikilizeni neno la kuhuzunisha. Katika mahakama ile, mashahidi waliona vile vichwa na kusikia maungamo yake, hata hivyo baadhi yao walikataa. Walisema: Mimi nilimtambua mke wangu, mimi nilimtambua mtoto wangu. Watu hao hawakuwa wajinga. Walikuwa wenye kufiwa. Moyo wenye majonzi huweka uso mahali pasipo na uso. Ndiyo maana picha ya kilio ipimwe kwa uangalifu kuliko picha nyingine yoyote.

IV. Sababu za kawaida ambazo tunapaswa kuzijua

1. Picha mbili juu ya moja. Katika kamera za filamu, filamu isipozungushwa, au ikipitishwa mara mbili, watu wa picha ya kwanza huonekana ndani ya picha ya pili, nao huwa hafifu.

2. Mwendo gizani. Mwanga ukiwa mdogo, kamera hufungua jicho lake muda mrefu. Simu nyingi za sasa hupiga picha kadhaa kwa mfululizo na kuziunganisha kuwa moja. Aliyekaa kimya huonekana vizuri. Aliyepita huacha alama nyeupe, bila uso, na ukuta huonekana kupitia kwake.

3. Mianga ya duara. Taa ya kamera ikiwaka karibu na kioo chake, huangaza vumbi, matone ya mvua na wadudu walio karibu sana, navyo hugeuka kuwa duara nyeupe zinazoelea. Tukicheza mbele za Bwana wakati wa kiangazi, miguu yetu huinua vumbi. Mara nyingi tumeletewa picha za namna hiyo tukiambiwa ni malaika. Tuwe waaminifu pande zote mbili: ikiwa hatutaki vumbi liitwe mchawi, tusiliite malaika. Gazeti hili halitachapa picha hizo kama ushuhuda.

4. Macho mekundu. Taa ya kamera huingia ndani ya jicho na kurudi na wekundu wa damu iliyo nyuma ya jicho. Huonekana zaidi gizani, wakati mboni imefunguka. Si alama ya uchawi, hata kidogo.

5. Vitu vya karibu. Kidole, uzi wa kamera, nywele, moshi wa jiko, pumzi wakati wa baridi, au kioo cha dirisha kinachorudisha sura ya mtu.

6. Nyuso zisizokuwako. Mungu ametuumba na macho yanayotafuta uso upesi. Mtoto mchanga hutafuta uso wa mama yake. Kwa hiyo tunaona nyuso katika mawingu, katika ukuta wenye unyevu, katika majani.

7. Udanganyifu. Siku hizi ziko programu za simu zinazoweka mzimu katika picha kwa dakika moja, wengine wakicheka, wengine wakitafuta fedha.

V. Namna ya kupima

Torati ilimfundisha kuhani. Mtu akiwa na alama nyeupe katika ngozi, kuhani hakupaza sauti papo hapo. Alitazama, akangoja siku saba, akatazama tena. Ikibidi, siku saba nyingine. Nasi tufanye hivi:

Kwanza, picha isitumwe kwa mwingine. Aliyeipokea aizuie kwake, ailete kwa wazee.

Pili, tuitafute picha ya asili kwa yule aliyeipiga, si ile iliyopita katika simu kumi. Tutazame pia zilizopigwa kabla na baada yake.

Tatu, tuulize: saa ngapi? Taa ilikuwa wapi? Nani alipita? Tuwaulize watu wawili au watatu, kila mmoja peke yake.

Nne, turudi mahali pale, saa ile ile, tupige tena.

Tano, tungoje siku saba katika maombi.

Sita, tukikosa sababu, tuseme: Hatujui. Neno hilo si aibu kwa mzee wa kanisa. Kutojua ni kutojua. Hakutupi ruhusa ya kutaja jina la mtu.

Hata kama roho ingeonekana kweli, picha haisemi nani amemwua nani. Torati haikubali neno la shahidi mmoja, nayo huamuru shahidi wa uongo atendewe yale aliyokusudia kumtendea ndugu yake. Tena Katiba ya nchi yetu ya mwaka 2006, kifungu cha 41, inakataza kumshtaki mtoto kwa uchawi, na kusema kwamba kosa hilo linaadhibiwa na sheria. Kanisa lisiwe nyuma ya sheria ya nchi katika kumlinda mdogo.

VI. Mwisho wa jambo lile

Siku ya tatu, mama mmoja shemasi alimwuliza yule kijana swali ambalo sisi hatukuuliza: Nani alikuwa akigawa chai saa ile? Akajibu: Mama mdogo, mwenye kitambaa cheupe. Usiku tulirudi. Taa ikawekwa mahali pake, mjane akaketi, kijana akasimama aliposimama. Mama mdogo alijifunga kitambaa kile kile, akapita nyuma ya kiti, akinyosha mkono wake na kikombe. Simu ikatoa "marehemu" yule yule, na mkono wake.

Hakuna aliyecheka. Mjane alilia, kwa sababu alikuwa amempoteza mume wake mara ya pili. Tulikaa naye, tukaimba naye mpaka usiku wa manane. Kisha mzee wetu mkubwa alimwita mtoto kwa jina lake, akapiga magoti mbele yake, akamwomba msamaha kwa ajili yetu sote. Usiku ule alikula katika sahani ya wenzake.

Ndugu na dada, picha ikija kwenu, kumbukeni jua juu ya maji. Karibieni kwanza, mchote kwa kiganja.

Maswali ya kujibia katika makundi

1. Wamoabu waliona nini, na walikosa wapi?
2. Kwa nini kuhani alingoja siku saba?
3. Ni nani katika nyumba yako au mtaa wako ambaye jina lake limetajwa bila kupimwa? Utafanya nini juma hili kwa ajili yake?

Bwana atupe macho safi na midomo ya taratibu. Amina.