Mti wa Chunguni Usivushwe Bahari

Januari 2019, familia moja ya wakulima wa bonsai, yaani miti midogo ya chunguni, huko Kawaguchi, karibu na Tokyo, iliibiwa miti saba, mmoja ukiwa na umri wa takriban miaka 400. Wenyewe wakamsihi mwizi hadharani aimwagilie maji, wakamweleza hata namna ya kuitunza. Mwaka uliofuata, mwezi Februari, makumbusho ya bonsai ya Federal Way, jimbo la Washington nchini Marekani, nayo ikaibiwa miwili. Tangazo na picha zilisambaa haraka, na baada ya siku chache walinzi wakaikuta imetelekezwa kwenye barabara ya kuingilia hapo. Mti unaotambulika na kila mtu ni mgumu kuuza.

Kwa hiyo anayekuza mkwaju, mbuyu au mtini chunguni hapa kisiwani Mafia aanze na picha, leo, kabla ya kufikiria kufuli. Piga pande zote nne, kisha sogea karibu: mizizi iliyojitokeza juu ya udongo, kovu la tawi ulilokata, alama ya waya kwenye gome. Weka rula kando ya shina. Chungu hubadilishwa kwa dakika tano na majani hupukutishwa, lakini kovu la shina halifichiki kirahisi. Nakala mtumie ndugu aliye bara, maana simu nayo huibwa. Kisha chukua kipande cha shaba, kikwaruze herufi zako, ukifukie katikati ya mizizi bila kumwambia mtu. Ng'ambo wapo wanaopachika chipu ndani ya shina. Ni jambo zuri, ila pasipo na kisomeo karibu, shaba inatosha.

Mti usikae barazani ukitazama njia. Uweke uani, juu ya benchi zito, upitishe waya mnene kwenye matundu ya chini ya chungu na kuufunga kwenye ubao. Mwizi mwenye haraka hapendi kazi ya koleo. Ukiweza, fuga kanga wawili. Wakishtuliwa hupiga kelele nyingi. Ukirusha picha mitandaoni, nyumba na mtaa visionekane.

Ukiibiwa, saa za mwanzo ndizo zenye thamani, na hapo kisiwa kinakusaidia kuliko Dar es Salaam. Mtu wa kawaida hutoka kwa gati la Kilindoni kuelekea Nyamisati upande wa bara, au kwa ndege. Shida ni mashua zinazoondoka fukwe za vijijini, ndiyo maana mwenyekiti wa kitongoji apigiwe mapema: anawajua manahodha. Piga picha mahali mti ulipokuwa bila kuvuruga nyayo, nenda polisi, na usiondoke bila namba ya RB, yaani ya taarifa uliyoandikisha. Kisha waonyeshe picha makuli wa gatini na madereva wa bodaboda. Chungu kizito hakibebeki mfukoni. Lazima kuna aliyekiona kimefunikwa kanga au gunia.

Upande wa bara, mpe picha mtu unayemwamini pale Mbagala Rangi Tatu, yanakofika mabasi ya Nyamisati, na mwingine apite kwenye vitalu vya maua vya barabarani jijini Dar es Salaam. Ukiuona mti wako kwa muuzaji, usiunyakue wala usiukomboe kwa pesa. Upige picha kimyakimya, uwaite polisi ukiwa na RB na picha zako za zamani. Huenda muuzaji hajui ulikotoka. Lakini anayepokea mali akijua ni ya wizi ana kosa lake chini ya Kanuni ya Adhabu.

Mnunuzi naye aulize. Mti mkongwe wenye mizizi iliyokatwa juzi na tope la pwani huenda umeng'olewa porini. Hifadhi ya Bahari ya Mafia ipo tangu 1995, na mikoko inalindwa na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002. Kung'oa bila kibali hakuwi halali kwa sababu mti ni mdogo.

Mti ukirudi, mara nyingi huwa umekauka au umevunjwa matawi. Uweke kivulini, mbali na upepo wa chumvi, umwagilie taratibu mpaka maji yatoke chini. Usiuhamishe chungu, isipokuwa mizizi iko wazi. Tawi lililokufa liache kwanza, na mbolea ingoje hadi machipukizi mapya yaonekane.