Kapsuli za probiotiki na mafua ya watoto

SWALI: Daktari, nina watoto wawili hapa Babati mjini. Baridi ikianza tu, mafua hayaishi nyumbani. Duka la dawa wameniuzia kapsuli za probiotiki, eti zinapandisha kinga ya mwili. Niendelee kununua, au maziwa mgando yanatosha? – Mama, Babati

JIBU: Mama, usinunue tena. Pesa hiyo inunulie mayai na maharage.

Probiotiki ni bakteria hai wenye faida mwilini, na ni kweli kwamba sehemu kubwa ya kinga yetu iko kwenye utumbo. Lakini muuzaji amevuka mipaka. Mwanza, wanawake 65 wenye VVU waliingizwa kwenye utafiti wa wiki 25: wengine walimeza probiotiki, wengine kapsuli tupu. Matokeo yaliyotoka mwaka 2011 hayakuonyesha tofauti kwenye CD4, yaani seli za kinga. Kuhusu mafua, uchambuzi wa mwaka 2022 wa Cochrane, mtandao unaopitia tafiti za tiba, uliona nafuu kiasi, ila ushahidi wenyewe si imara. Zinakosaidia zaidi ni kupunguza kuhara kunakoletwa na antibiotiki. Tena bakteria hao hufa kwa joto. Kopo lililoanikwa juani dirishani huenda halina kitu. Na mtoto njiti, au mgonjwa ambaye kinga yake imeshuka sana, asipewe bila daktari kusema.

Mgando ni mzuri, mama, ila maziwa yachemshwe kwanza. Watu wengi wa Manyara wanagandisha maziwa mabichi kwenye kibuyu wakiamini uchachu unaua vijidudu vyote. Hauui vyote. Bakteria wa bruselosi wanaweza kubaki hai humo, na ugonjwa huo huleta homa za kwenda na kurudi na maumivu ya viungo, mtu akadhani ni malaria miezi na miezi. Kwa hiyo chemsha maziwa mpaka yafure, yaache yawe vuguvugu, tia kijiko cha mtindi uliotokana na maziwa yaliyochemshwa, koroga, funika, yalale hadi asubuhi. Utapata bakteria hai pamoja na protini na kalsiamu, vitu ambavyo kapsuli haina.

Sasa toa kadi za kliniki uangalie kama watoto wamemaliza chanjo, hasa ya nimonia na surua. Mafua ya kawaida hupona yenyewe. Ila mtoto akipumua haraka, mbavu zikibonyea ndani, au akikataa kunyonya na kula, usisubiri kesho: mpeleke Hospitali ya Mrara au kituo cha afya kilicho karibu saa hiyo hiyo.