Kompyuta ya Zamani: Ifufue Bila Kujidhuru

Je, kwenu Machame au Marangu kuna kompyuta kuukuu imelala stoo? Au umeiona kwa fundi redio mjini Moshi? Usiitupe. Kuifufua ni somo zuri la fizikia. Lakini usifanye mchezo, ina hatari zake.

Kwa nini za nyumbani ni adimu?
Mwaka 1982 zilitoka kompyuta ndogo kama ZX Spectrum ya Uingereza na Commodore 64 ya Marekani. Zilichomekwa kwenye TV, na programu zilisomwa kutoka kwenye kaseti kama zile za muziki. Kwetu, serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini mwaka 1974, na Tanzania Bara haikuwa na kituo cha TV hadi 1994. Ndiyo maana nyingi utakazokuta ni za ofisini, zilizoletwa baadaye kama mitumba.

Hatari zenyewe
1. Umeme. TV au skrini ya kizamani yenye mgongo mkubwa huweza kubaki na maelfu ya volti hata ikishachomolewa. Usiifungue! Mwachie fundi.
2. Risasi. Mafundi huita waya wa kulehemu "risasi", na kweli imo: ule wa zamani una bati kama asilimia 60 na risasi 40. Sumu hii hupita kwenye vidole. Umeshika waya, halafu unakula andazi, basi umeimeza. Hudhuru ubongo, hasa wa watoto wadogo. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama.
3. Moshi (siyo mji wetu!). Ule wa kulehemu huamsha pumu. Ule wa nyaya zinazochomwa ni sumu kabisa.

Fanya hivi
- Chomoa umeme kwanza. Ondoa vumbi kwa brashi, nje, ukiwa umefunika pua.
- Kagua betri ndani. Ikivuja hula bodi. Usiishike kwa mikono mitupu.
- Lehemu penye hewa, mbali na jikoni na wadogo zako.
- Usile hapo. Ukimaliza, nawa kwa sabuni.
- Kabla ya kuwasha, soma volti zilizoandikwa nyuma. Umeme wetu ni volti 230. Mashine ya Marekani ya volti 120 itaungua.

Jadilini darasani
Rafiki yako anachoma nyaya nyuma ya nyumba ili auze shaba apate ada. Mdogo wake anacheza pembeni. Utamwambia nini? Na atapataje hiyo shaba bila moto?