Tuulize Kwanza, Tupige Picha Baadaye: Utafiti wa Watazamaji kwa Filamu ya Wanafunzi

Kamati za parokia hupokea maombi ya vijana na wanafunzi wanaotaka kutengeneza filamu fupi yenye ujumbe kwa jamii. Mara nyingi ombi huwa na orodha ya kamera, nauli, chakula cha waigizaji na gharama za uhariri. Jambo moja muhimu huachwa: nani ataitazama filamu hiyo, na tumejuaje kwamba itamgusa? Katika somo hili tunajifunza namna ya kuwauliza watazamaji kabla ya kupanga mwanzo wa filamu ya kusisimua. Tunawaomba wanakamati walisome pamoja na vijana wao, na wafadhili walitumie wanapopima maombi.

Somo linakotoka

Nchini Uingereza, somo la vyombo vya habari hufundishwa katika shule za sekondari. Kuanzia mwaka 2008, bodi ya mitihani ya OCR iliwapa wanafunzi wa miaka 16 hadi 17 kazi ya kutengeneza mwanzo wa filamu mpya, pamoja na majina ya washiriki, usiozidi dakika 2. Wengi walichagua filamu ya kusisimua. Kati ya alama 100, alama 20 zilikuwa za utafiti na maandalizi, 60 za kazi yenyewe na 20 za tathmini. Katika tathmini mwanafunzi aliulizwa watazamaji wake ni akina nani, na aliwavutia kwa njia gani. Mtaala huo ulibadilishwa baadaye. Mpya ulianza kufundishwa mwaka 2017. Hata hivyo utaratibu wake bado unatufaa, kwa sababu dakika 2 ni kazi ambayo kikundi chenye fedha kidogo kinaweza kuimudu.

Kwa nini mwanzo?

Filamu ya kusisimua humshika mtazamaji kwa swali: nini kitatokea? Swali hilo lisipowekwa mapema, mtazamaji huondoka. Filamu ya Jaws ya mwaka 1975, iliyoongozwa na Steven Spielberg, huanza na msichana anayeogelea baharini usiku. Anavutwa chini, lakini papa haonekani kabisa. Hofu inatokana na kile ambacho hatukioni, na jambo hilo halihitaji fedha nyingi. Hata hivyo Spielberg hakutegemea maoni yake peke yake. Filamu ilionyeshwa kwa majaribio kabla ya kutolewa, na baada ya kuona jinsi watu walivyoshtuka aliongeza tukio la kichwa cha mvuvi kinachojitokeza kwenye mashua iliyozama. Watazamaji ndio waliomwonyesha kwamba palikuwa na nafasi ya mshtuko mmoja zaidi.

Mfano wa kufanyia kazi

Tuseme kikundi cha wanafunzi kinataka filamu ya kuwatahadharisha wasichana dhidi ya ahadi za uongo za kazi, mjini au nchi za Ghuba. Muswada wa kwanza unaanza usiku: gari jeusi linasimama, mtu asiyejulikana anamkamata msichana, msichana anapiga kelele. Unasisimua, lakini je, unasema kweli? Mara nyingi anayemshawishi msichana ni mtu anayefahamika: ndugu, jirani, rafiki wa familia. Huja mchana, anapewa chai, na wazazi wanamshukuru. Filamu ikimfundisha msichana kuogopa gari jeusi peke yake, itamwacha bila kinga mbele ya shangazi mwenye simu nzuri na maneno matamu. Hapa kosa la utunzi linaweza kumgharimu mtu maisha yake. Ndiyo maana utafiti ni sehemu ya kazi, wala si pambo la ombi la fedha.

Hatua sita za utafiti

1. Mtaje mtazamaji. "Jamii yote" si jibu. Andikeni umri, mahali na hali yake. Kwa mfano: wasichana wa miaka 15 hadi 19 waliomaliza shule na wanaotafuta kazi. Umri huamua pia kiasi cha kutisha. Nchini Uingereza filamu yenye alama ya 15 haiwezi kuonyeshwa sinema kwa mtoto aliye chini ya umri huo. Nchini Tanzania, Bodi ya Filamu ndiyo hutoa vibali na kupanga madaraja.

2. Chunguzeni wanachotazama sasa. Wanatazama kwenye simu, kwenye kibanda cha video, au nyumbani na familia? Mwanzo wenye giza tupu hauonekani kwenye simu juani. Mnong'ono hausikiki kibandani penye kelele.

3. Andaeni dodoso fupi. Maswali sita au saba yanatosha. Epukeni swali kama "Je, unapenda filamu za kusisimua?" kwa kuwa karibu kila mtu atasema ndiyo, nanyi hamtajua la kufanya. Ulizeni juu ya mambo yaliyotokea: "Filamu ya mwisho uliyoiacha kabla haijaisha ni ipi? Uliiacha wapi, na kwa nini?"

4. Kaeni na kikundi kidogo. Watu sita hadi wanane wenye umri unaokaribiana wanatosha. Wasichana wakae na msichana au dada mkubwa anayeaminika, kwa sababu mbele ya wazee na viongozi watasema yale wanayodhani tunataka kuyasikia. Waulizeni: "Mtu akikuletea habari ya kazi, ni nani utamwamini mara moja? Ni jambo gani litakutia shaka?"

5. Geuzeni kila jibu kuwa uamuzi. Chukueni karatasi, mchore safu mbili. Kushoto andikeni mlichosikia. Kulia andikeni kitakachobadilika katika filamu. Wakisema wanamwamini ndugu, gari jeusi linaondolewa na mgeni anaingia sebuleni mchana. Wakisema shaka huanza mtu anapotaka kuwashikia hati zao, picha ya mkono unaopokea pasipoti na kuitia mfukoni inaweza kuwa mwisho wa dakika hizo 2. Jibu lisilobadilisha kitu lina maana kwamba swali lilikuwa dhaifu.

6. Jaribuni kabla ya kamera. Choreni picha za mwanzo kwenye karatasi, moja kwa kila tukio, kisha simulieni hadithi mbele ya watu wengine wa kundi lile lile. Simamisheni hadithi na kuuliza: "Unadhani nini kitafuata? Unamwogopa nani?" Kufuta mchoro hakuna gharama, kurudia siku nzima ya kupiga picha kuna gharama.

Mhusika mbaya anaweza kupendwa

Mwaka 1993 Radio Tanzania ilianza kurusha mchezo wa Twende na Wakati, uliohusu uzazi wa mpango na kinga dhidi ya UKIMWI. Mhusika wake mmoja, Mkwaju, alikuwa dereva wa lori mwenye wapenzi wengi njiani. Aliwekwa makusudi kama mfano wa kuepukwa. Ili kupima matokeo, eneo la Dodoma lilipewa vipindi vingine hadi mwaka 1995, na watafiti wakalinganisha wasikilizaji wa huko na wa maeneo mengine. Tunajifunza kwamba nia njema ya mtunzi haitoshi. Ni lazima kupima kile ambacho watu wamekipokea. Katika filamu yetu, shangazi mwenye gari na mavazi mazuri anaweza kuonekana shujaa. Basi baada ya majaribio tuulize: "Ungependa kuwa kama nani katika hadithi hii?"

Kuwalinda wanaoulizwa

Huenda kati ya mnaowauliza yumo aliyepatwa na mambo hayo hayo. Msimlazimishe kusimulia. Msiandike majina kwenye dodoso, na msitumie kisa cha mtu hata wanakijiji wakamtambua. Kwa walio chini ya miaka 18, ombeni ridhaa ya mzazi au mlezi pamoja na ya mtoto mwenyewe. Kabla ya kikao, kamati imteue mtu wa kumsikiliza atakayehitaji msaada. Usafirishaji haramu wa binadamu ni kosa chini ya sheria ya Tanzania ya mwaka 2008, hivyo taarifa nzito ifikishwe kwa vyombo husika, isigeuzwe kuwa muswada.

Kwa kamati na wafadhili

Katika Luka 14:28 tunakumbushwa juu ya mjenzi wa mnara anayekaa kwanza na kupiga hesabu. Tunashauri fedha zitolewe kwa awamu mbili: kwanza za utafiti na majaribio ya michoro, kisha za kupiga picha, baada ya kamati kuiona ile karatasi ya safu mbili. Mfadhili naye asidai filamu ndani ya mwezi mmoja. Ajue kwamba wiki za kuuliza ni kazi halali ya mradi. Wahenga walisema kuuliza si ujinga.

Maswali ya kujadili

1. Filamu au igizo la mwisho katika parokia yetu lililenga nani hasa? Tulijuaje kwamba liliwafikia?
2. Vijana wetu hutazama filamu wapi, na kwa kifaa gani?
3. Katika eneo letu, ni nani huleta habari za kazi za mbali, na kwa nini anaaminiwa?
4. Ni nani katika kamati atakayesimamia ulinzi wa watoto na vijana wakati wa utafiti?
5. Tukipata dakika 2 tu za kumzuia msichana mmoja asikabidhi hati zake, tungemwonyesha nini kwanza?